Nani anailipa posta ya kule barua inakofika?

Swali lililoletwa ni hili, nalifupisha kidogo: "Nikinunua stempu nikabandika kwenye barua ya kwenda nje, pesa yote imebaki kwa posta ya kwetu. Sasa posta ya kule inahangaika kuipeleka mpaka mlangoni kwa mtu kwa faida gani? Nani alipanga huu utaratibu? Na ni kweli Marekani walitaka kujitoa, wangejitoa barua zingeishia wapi?"

Swali zuri sana hili, na wengi wanalo ila hawaulizi kwa sababu barua zinafika tu. Nianze na jibu fupi. Kwa karibu miaka 100, kuanzia 1875 mpaka 1971, posta ya kule kweli ilikuwa hailipwi kitu kwa kuigawa barua yako. Walikubaliana hivyo kwa makusudi kabisa, kila nchi ibaki na pesa ya stempu zake na iwagawie wenzake bure, maana anayeandikiwa naye atajibu na hilo jibu litalipiwa kule. Kuanzia 1971 malipo yapo, ila hayahesabiwi kwa barua yako wewe moja, yanahesabiwa kwa mzigo mzima. Ugomvi wote mkubwa wa posta duniani, ukiwemo huo wa Marekani kutaka kujitoa kwenye Umoja wa Posta Duniani, unatokana na lile wazo la kwanza, kwamba barua zinazokwenda na zinazorudi ziko sawa. Haziko sawa, na hazijawahi kuwa sawa, ila kwa muda mrefu ilikuwa nafuu kujifanya ziko sawa kuliko kuhesabu.

Na ili uone kwa nini ilikuwa nafuu inabidi ujue hali ilivyokuwa kabla.

Kabla ya 1874 hakukuwa na mpango wa dunia, kulikuwa na mikataba ya nchi mbili mbili. Marekani na Uingereza wana wao, Uingereza na Ufaransa wana wao, Prussia (dola kubwa ya Wajerumani wakati ule) na Austria wana wao, na kila mmoja una bei zake, uzito wake na pesa yake. Chukua mkataba wa Marekani na Uingereza uliosainiwa 1848, huo nauona ndo mfano mzuri kuliko yote kwa sababu barua zake bado zipo kwenye mikusanyiko ya watu na alama zinasomeka. Barua ya nusu aunsi (karibu gramu 14) kutoka New York kwenda London ilikuwa senti 24. Hizo 24 zinagawanywa hivi, senti 5 kwa safari ya ndani ya Marekani, 16 za bahari, 3 za ndani ya Uingereza. Sasa zile 16 za bahari anachukua nani? Inategemea meli ni ya nani. Mtumaji akilipia kabisa New York na meli ikiwa ya Waingereza, Marekani anabaki na 5 tu na karani anaandika 19 kwa wino mwekundu juu ya bahasha, maana yake sisi tunadaiwa na nyinyi senti 19. Meli ikiwa ya Kimarekani anaandika 3. Kama mtumaji hajalipa, mzigo umeachwa kwa mpokeaji, karani anaandika kwa wino mweusi 5 au 21, maana yake sasa nyinyi ndo mnadaiwa, mkimaliza kumtoza huyo mtu shilingi yake moja mtuletee chetu. Na kama mtu amelipa nusu nusu, ile nusu ilikuwa inapotea, barua inahesabiwa haijalipwa kabisa.

Hiyo ni barua moja. Fikiria karani ana gunia zima, meli inaondoka, na kila bahasha lazima ipimwe, ikaguliwe inaenda kwa meli gani, iandikwe namba kwa rangi sahihi, alafu mwisho wa kipindi nchi mbili zikae zijumlishe hizo namba zote na kulipana tofauti. Na London pengine sio mwisho wa safari, barua inaendelea Ufaransa, ambako uzito wa barua ya kawaida ni gramu 7.5 sio nusu aunsi, yaani barua ambayo Mwingereza anaiona moja Mfaransa anaiona mbili. Mtu wa kawaida hakuweza kujua barua yake itagharimu kiasi gani. Njia zilikuwa nyingi, kila njia na bei yake, na mara nyingi ulikuwa unalipia mpaka bandari fulani tu, huko mbele anajua mpokeaji.

Uingereza ndani ya nchi yao walishalitatua tatizo la aina hii mapema. Rowland Hill, aliyeandika kijitabu chake 1837, alionyesha kwamba gharama ya kusafirisha barua yenyewe ni ndogo sana, kinachokula pesa ni kazi za ofisini, kupanga bei kwa umbali, kuandika madeni, kumfuata mpokeaji alipe. Toa hayo yote, weka bei moja, mtumaji alipe mwanzoni. Ikaanza Januari 1840 kwa peni moja nchi nzima, na Mei mwaka huohuo ikatoka stempu ya kwanza ya kubandika, Penny Black. Watu wakaanza kujiuliza mbona isifanyike hivyo baharini pia. Kuna Mmarekani mmoja, Elihu Burritt, mhunzi aliyejisomesha mwenyewe lugha nyingi, alizunguka miaka na miaka akihubiri posta ya baharini kwa peni moja, hoja yake ikiwa kwamba wahamiaji maskini wanakatwa na ndugu zao kwa sababu ya bei ya barua. Nampenda sana huyu bwana, kwa sababu wengine wote kwenye hii historia ni maofisa wa serikali wanaowaza hesabu, yeye alikuwa anamuwaza mama anayesubiri barua.

Hatua ya kwanza ya kiserikali ikaja 1863. Montgomery Blair, mkuu wa posta wa Marekani, huku nchi yake iko katikati ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, akaitisha mkutano Paris. Wakaja wajumbe wa nchi 15 za Ulaya na Amerika. Hawakuwa na mamlaka ya kusaini chochote cha kuzibana serikali zao, kwahiyo walichotoka nacho ni orodha ya kanuni 31 za jumla ambazo nchi zingeweza kuzifuata kwenye mikataba yao ya wawili wawili. Wengine wanaudharau huu mkutano kwa sababu haukuzaa mkataba. Mi sikubaliani nao. Ndo mara ya kwanza wakuu wa posta walikaa meza moja wakaona kwamba shida zao ni zilezile, na mengi yaliyopitishwa baadaye kwenye mkutano wa Bern, Uswisi, yalishazungumzwa pale.

Aliyelifikisha mwisho ni Mjerumani, Heinrich von Stephan. Mtoto wa fundi cherehani, amezaliwa 1831 mji wa Stolp, ambao leo uko Poland na unaitwa Słupsk, akaingia posta ya Prussia akiwa kijana wa miaka 17 na akapanda mpaka juu kabisa. Angalia alipokulia kikazi: Ujerumani ya wakati ule ilikuwa vipande vipande, vijinchi vingi na posta zao, na juu yake kuna familia ya Thurn und Taxis ambayo ilikuwa inaendesha posta kama biashara ya ukoo kwa karne kadhaa. Austria na Prussia walishaanzisha umoja wa posta wa Wajerumani mwaka 1850, na 1867 Prussia ikainunua posta ya Thurn und Taxis, kazi ambayo Stephan mwenyewe aliisimamia. Yaani huyu mtu alikuwa ameona kwa macho yake kwamba ukiondoa mipaka ya posta barua zinaongezeka, sio nadharia kwake. Mwaka 1868 akaandika pendekezo la mkutano wa posta wa dunia. Ikaja vita ya Prussia na Ufaransa 1870, kila kitu kikasimama.

Baada ya vita Uswisi, ambao hawakuwa upande wowote, wakatoa mwaliko. Mkutano ukafunguliwa Bern tarehe 15 Septemba 1874, nchi 22, karibu zote za Ulaya pamoja na Marekani, Dola ya Osmani na Misri. Misri ndo ilikuwa peke yake kutoka Afrika. Tarehe 9 Oktoba mkataba ukasainiwa, siku ambayo mkutano wa Tokyo wa 1969 uliifanya Siku ya Posta Duniani. Chini ya mwezi mmoja wamefuta mtandao wa mikataba uliojengwa kwa miongo, na nasema tena, ni chini ya mwezi mmoja, leo mkutano wa kimataifa wa namna hiyo unamaliza wiki ya kwanza kwenye ajenda tu.

Sasa walikubaliana nini, maana hapa ndo jibu lako lilipo. Kifungu cha kwanza kinasema nchi zote zilizosaini zinakuwa eneo moja la posta kwa ajili ya kubadilishana barua. Eneo moja! Ukilielewa hilo mengine yote yanafuata yenyewe. Kama ni eneo moja basi bei iwe moja, wakaweka santimu 25, yaani robo faranga, kwa barua ya gramu 15, na kwa muda wa mpito nchi ikaruhusiwa kucheza kati ya 20 na 32, na safari ndefu ya bahari, ya zaidi ya maili 300 za baharini, ikaruhusiwa kuongezwa kidogo lakini isizidi nusu ya bei ile. Kama ni eneo moja, basi hakuna nchi inayoweza kuzuia barua ya mwenzake kupita kwake. Na kama ni eneo moja hakuna haja ya kuandika 19 nyekundu na 21 nyeusi, kila posta ibaki na chake.

Hilo la kubaki na chake ndo lilikuwa zito. Hoja ilikuwa kwamba kila barua inazaa jibu, kwahiyo ikienda moja inarudi moja, mwisho wa mwaka mmekaribiana, mnahesabu ya nini? Gharama ya kuhesabu ingekuwa kubwa kuliko tofauti yenyewe. Nchi za njiani tu ndo zililipwa, zile ambazo barua inapita bila kushuka, maana wao hawana jibu la kusubiri. Nazo zililipwa kwa kilo sio kwa barua, na kilo zenyewe hazikupimwa kila siku, mnapima wiki chache alafu mnakadiria mwaka. Mimi hapo ndo navua kofia. Watu wa posta, ambao maisha yao yote ni kupima na kuandika, walikubali kutojua hesabu kamili ili kazi iende.

Ufaransa hawakusaini siku hiyo. Wao walikuwa njia kuu, barua nyingi za Uingereza kwenda mashariki zilikatiza nchi yao mpaka kwenye meli za Mediterania, na pesa ya kupitisha ilikuwa mapato mazuri. Walisaini Mei 1875, na kwao mkataba ukaanza Januari 1876, wakati wenzao walianza Julai 1875. Mwanzoni uliitwa Umoja wa Jumla wa Posta, na mkutano wa Paris 1878 ukaupa jina linalotumika mpaka leo, Umoja wa Posta Duniani, kifupi UPU. Makao yakabaki Bern. Kwa umri ni shirika la pili la kimataifa kati ya haya makubwa, unatanguliwa na umoja wa telegrafu (simu za maandishi za waya) wa 1865 ambao leo ni ITU, shirika la mawasiliano ya simu la Umoja wa Mataifa.

Nisiruke jambo moja ambalo vitabu vingi vinalipita haraka. Kutanuka kwa umoja miaka ya 1870 na 1880 kulikuwa pia kutanuka kwa ukoloni. India ya Waingereza iliingia 1876, Japani ikaingia 1877 kama nchi huru, lakini sehemu kubwa ya Afrika na Asia iliingizwa kama makoloni, na madola yenye makoloni yakapata kura za ziada kwa jina la makoloni hayo. Kwahiyo barua ya kutoka huku ilikuwa ndani ya "eneo moja" miaka mingi kabla wenye nchi hawajaulizwa wanataka nini. Baada ya uhuru kwenye miaka ya 1960 nchi moja moja zikaanza kuingia kwa majina yao, na sio bahati kwamba muda huohuo lile wazo la kila mtu abaki na chake likaanza kupingwa kwa nguvu. Nitarudi hapo.

Kuna mambo madogo katikati ambayo napenda watu wayajue. Mkutano wa Washington 1897 ulipanga hata rangi za stempu, kijani kwa machapisho, nyekundu kwa postikadi, bluu kwa barua, ili karani wa nchi yoyote asiyejua kusoma lugha ya stempu aone kwa jicho tu kama imelipiwa sawasawa. Ndo maana ukikuta stempu za kale za nchi tofauti kabisa zenye thamani inayolingana, rangi zinafanana. Utaratibu huo ulidumu mpaka miaka ya 1950. Mkutano wa Roma 1906 ukaleta kuponi ya kujibia, unainunua kwenu, unaiweka ndani ya bahasha, mwenzako anaibadilisha kwao na stempu ya kukujibu. Wazo la upole tu, lakini baada ya vita ya kwanza pesa za Ulaya zilishuka thamani na kuponi iliyonunuliwa Italia ikawa inabadilishwa Marekani kwa stempu za thamani kubwa zaidi. Charles Ponzi wa Boston akawaambia watu ana biashara ya hizo kuponi, akaahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, mwaka 1920 ikaanguka, na ikaonekana kuponi zilizopo dunia nzima hazikuwa hata karibu na pesa alizokusanya, alikuwa analipa wa kwanza kwa pesa za wa mwisho. Utapeli wote wa aina hiyo leo unaitwa kwa jina lake, na mzizi wake ni karatasi ya posta.

Vita zote mbili za dunia umoja ulipita bila kuvunjika, ofisi ya Bern ikiwa nchi isiyopigana. Barua na vifurushi vya wafungwa wa vita vinasafiri bure, bila stempu, na hilo liko kwenye mikataba tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1948 umoja ukawa shirika maalumu la Umoja wa Mataifa, na leo una nchi wanachama 192.

Turudi kwenye pesa. Kufikia miaka ya 1960 kila mtu alishaona kwamba barua haziendi moja zikarudi moja. Mchapishaji wa magazeti wa nchi tajiri anatuma magunia ya majarida nje, hakuna anayemjibu. Nchi mpya zikajikuta zinagawa mizigo ya wenzao kwa gharama zao, mapato yamebaki kule stempu iliponunuliwa. Mkutano wa Tokyo 1969 ukakubali kwamba posta iliyotuma zaidi ya ilivyopokea iilipe mwenzake kwa ile tofauti, kwa kilo, faranga nusu ya dhahabu kwa kilo. Ikaanza 1971. Tuiite ada ya ugawaji. Kwahiyo kwa swali lako la kwanza, kuanzia hapo posta ya kule inalipwa na posta ya kwako, ila kwa jumla na kwa viwango vya mkataba.

Kiwango kimoja kwa kilo kilikuwa rahisi lakini kilikuwa na tundu. Kilo moja inaweza kuwa kitabu kimoja au barua nyepesi 50, na barua 50 ni milango 50. Kwenye miaka ya 1980 kampuni zikagundua tundu hilo, zinabeba barua zako za biashara kwa ndege mpaka nchi yenye bei ndogo zinaziposti huko kwenda kwa wateja, na wakati mwingine wateja wenyewe wako nchi ileile zilikotoka. Posta za nchi tajiri zikalia. Baada ya marekebisho ya hapa na pale, mkutano wa Beijing 1999 ukagawa dunia: nchi zilizoendelea zilipane kwa kufuata bei zao za ndani, nchi zinazoendelea zilipe na kulipwa kwa viwango vya chini zaidi. Ulikuwa uamuzi wa haki kwa wakati ule, naamini hivyo mpaka leo. Lakini kumbuka ulifanywa wakati biashara ya mtandaoni ndo inaamka.

Kwenye lugha ya posta, kifurushi kidogo kisichozidi kilo 2 kinahesabiwa upande wa barua. China ilikuwa kundi la nchi zinazoendelea. Matokeo yake muuzaji wa kava za simu aliye China aliweza kumtumia mteja wa Marekani mzigo kwa bei ndogo kuliko muuzaji aliye ndani ya Marekani anayetuma jimbo la jirani, kwa sababu posta ya Marekani ilikuwa inapokea ada ya ugawaji isiyofikia gharama yake yenyewe. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika miaka na miaka, na kwenye hili walikuwa na hoja. Oktoba 2018 serikali ya Trump ikatoa notisi ya kujitoa, ambayo kwa katiba ya umoja inachukua mwaka mmoja. Kwahiyo ndiyo, ni kweli.

Mkurugenzi mkuu wa UPU wakati huo alikuwa Mkenya, Bishar Hussein, na ndiye aliyebeba mzigo wa kutafuta suluhu kabla mwaka haujaisha. Ukaitishwa mkutano mkuu wa dharura Geneva tarehe 24 na 25 Septemba 2019, wa tatu wa aina hiyo tangu 1874. Wakatoka na njia ya kati: nchi inayopokea zaidi ya tani 75,000 kwa mwaka ikaruhusiwa kuanza kujipangia ada yake Julai 2020, ambayo kivitendo ni Marekani, na wengine wakaruhusiwa taratibu kuanzia 2021, kwa masharti ya kutozidi sehemu fulani ya bei yao ya ndani. Marekani wakaondoa notisi, na wakaahidi kuchangia faranga milioni 40 za Uswisi kwa miaka mitano. Kwa maoni yangu ulikuwa muafaka mzuri kuliko watu walivyotegemea, ingawa mnunuzi wa vitu vidogo vidogo aliusikia mfukoni.

Wakati wakubwa wanagombana, kazi ya kawaida ya umoja ni ile ambayo hakuna anayeiona. Chukua namba ya kufuatilia mzigo, tuseme RR123456785GB. Herufi mbili za mwisho ni nchi mzigo ulikotoka. R ya mwanzo ni rejista, ingekuwa C ni kifurushi, E ni EMS, huduma ya posta ya haraka. Namba nane za mwanzo ni za mzigo wenyewe, na ile ya tisa, 5, ni ya kukagua. Zidisha zile nane kwa mpangilio na 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7, unapata 8, 12, 12, 8, 15, 30, 63, 56, jumla 204. Gawa kwa 11, inabaki 6. Toa 6 kwenye 11, unapata 5. Karani popote duniani akikosea kuandika tarakimu moja, mara nyingi mashine inamkatalia palepale. Hakuna mkataba wa nchi mbili hapo, ni kanuni moja kwa wote, kama ilivyo fomu ya forodha ya CN22 unayoibandika kwenye kifurushi kidogo, ukiijaza kokote inasomeka kokote.

Kuna kitu kimoja lakini umoja haukuwahi kukijenga vizuri, na kilionekana Agosti 2025. Marekani walifuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani ndogo kuanzia tarehe 29, wakataka ushuru ukusanywe kabla mzigo haujafika. Posta kwa desturi haikusanyi ushuru kwa mtumaji, forodha ya kule ndo inamalizana na mpokeaji. Mifumo haikuwepo, posta 88 zikasimamisha huduma zote au baadhi kwenda Marekani, na mizigo ya posta iliyokuwa inaingia huko ikashuka kwa zaidi ya asilimia 80. UPU ikabidi ikimbizane kutengeneza programu ya kukokotoa na kukusanya huo ushuru kwa niaba ya posta.

Hiyo inanileta kwenye swali lako la mwisho, wangejitoa 2019 ingekuwaje. Barua zisingetupwa baharini, ila haki ya kupita na kugawiwa ingekuwa imekwisha, na Marekani wangelazimika kusaini mkataba na kila nchi moja moja, karibu nchi 190, ndani ya wiki chache. Nchi yoyote isiyosaini ingekuwa na haki ya kuikataa stempu yao na kuurudisha mzigo. Waliopiga kelele wakati ule sio wauza bidhaa tu, walikuwemo pia wasimamizi wa uchaguzi wa majimbo, kwa sababu Wamarekani wanaoishi nje na wanajeshi walioko nje wanapiga kura kwa posta, kura hizo zilitakiwa kuanza kutumwa Septemba na Oktoba, na hakuna aliyekuwa anaweza kuwahakikishia kwamba bahasha itakayoondoka leo itapokelewa kwenye mfumo wa nchi nyingine kufikia siku notisi itakapotimia.